Kifaru Chenye Magurudumu Manne

Nina ugonjwa wa kusahihisha watu. Mchungaji akikosea namba ya wimbo, mimi ndiye ninayekohoa kwenye benchi la mbele mpaka aangalie kitabu tena. Mtu akiandika kibao cha duka lake na kuruka herufi, sipiti hapo bila kuingia ndani kumwambia. Mama alikuwa akisema nimerithi kwa baba, ambaye aliwahi kubishana na shemeji yake siku mbili nzima kuhusu ng'ombe mmoja alizaa mwaka gani. Naanza na hili kwa sababu nikisimulia yaliyotupata bila kulisema, nitaonekana mtu aliyeonewa tu. Sikuonewa tu. Nilisaidia.

Miaka hiyo nilikuwa nafanya kazi Mbarara, magharibi mwa Uganda, kwenye duka la fotokopi na kompyuta lililokuwa jirani na kambi ya jeshi. Mama alibaki Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, katika nyumba yetu ya udongo, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Base Camp, zilipo ofisi. Nilikuwa nakwenda kwake kila Jumamosi na kurudi Jumapili baada ya ibada. Sisi ni watu wa Kongo, Kivu Kusini, wa Bonde la Ruzizi, walimaji wa muhogo. Dada yangu mkubwa alikuwa ameshaondoka na watoto wake kwenda nchi ya baridi, kwa ule mpango wa kuwapeleka wakimbizi nchi ya tatu. Mimi na mama tulikuwa kwenye faili moja, nyuma ya lake, na tulikuwa tunangoja kuitwa.

Mama hakuwa na muda wa kungoja. Daktari wa macho pale Mbarara alimwambia ni presha ya macho, kwamba dawa ya matone itachelewesha giza lakini haitalizuia. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. Kwa la kulia alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Alikuwa anataka kitu kimoja, wala hakukificha: kumwona mjukuu wake wa mwisho, aliyezaliwa huko huko ugenini, kabla lile tundu halijaziba. Dada alikuwa anatuma picha kwenye simu yangu. Mama aliisogeza simu mpaka pua ikagusa kioo, akaigeuza huku na huku, kisha akanirudishia.

"Ile ni picha," alisema. "Miye nataka mutoto."

Habari za vifaru vya vita niliziingia kwa bahati mbaya. Mfugaji mmoja kutoka Endiinzi alikuja dukani akaniomba nimtafutie video ya kutengeneza trekta. Nilikuwa nafika kazini asubuhi mapema, wakati mtandao haujalemewa, nikaipakua, na kompyuta ikanipendekezea nyingine pembeni: mzungu mmoja mnene, amevaa ovaroli, amesimama ndani ya karakana kubwa, ameegemea kifaru kama anavyoegemea mtu ng'ombe wake. Nilibofya ili nicheke. Sikucheka. Yule mzee alikuwa anaeleza historia ya lile dude taratibu, bila maneno ya kujionyesha, kama jirani anayekutembeza zizini. Huyu alizaliwa wapi, alikula nini, alikuwa na kilema gani, walioishi naye walimchukiaje. Aliingia ndani tumbo likakwama mlangoni, akacheka mwenyewe, akaonyesha mahali dereva alipokuwa anakaa amejikunja, na jinsi moshi wa mzinga ulivyokuwa unawatoa machozi.

Baadaye niligundua kwamba wako wengi. Kuna kijana wa kike aliyekuwa anachora vifaru kwa kalamu huku akisimulia, na wawili waliokuwa wanabishana kwa adabu kuhusu unene wa chuma, jambo lililonifurahisha sana kwa sababu zinazojulikana. Lakini mwalimu wangu alibaki yule wa karakana. Kila video aliianza kwa amri ileile: usiangalie mzinga, kila mtu anaangalia mzinga. Angalia chini kwanza. Ni minyororo au ni magurudumu? Kama ni magurudumu, alisema, rafiki yangu, hicho si kifaru, ni gari la deraya, hata kama lina mzinga wa kukutia hofu.

Mteja wangu mkubwa akawa afande mmoja, sajini, fundi wa vifaru pale kambini. Alikuja kutoa nakala ya ripoti ya shule ya mwanawe, akaona kwenye kioo kile nilichokuwa naangalia, akasahau ripoti.

"Hiyo kitu mimi natengeneza yeye," alisema. "Miaka kumi. Huyu muzungu anasema kweli, lakini hapo kwa gia anadanganya kidogo."

Tangu siku hiyo akawa anakuja saa za chakula cha mchana, kwanza peke yake, halafu na wenzake wawili, halafu na mkewe, mwanamke wa Bwizibwera aliyekuwa anatuletea maziwa kwenye chupa ya soda. Mimi nilipunguza sauti ya mzee wa karakana nikaweka yangu kwa Kiswahili, kama wanavyofanya wale wasimulizi wa filamu kwenye vibanda vya video kote Uganda. Siku niliyotafsiri habari ya mafuta yanayovuja chini ya injini, mke wa afande alipiga makofi.

"Kumbe hii ndiyo inaweka mafuta kwa nguo yake! Mimi nafua, nafua, yeye hapana sema ni nini."

Afande aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekamatwa. Mkewe alitaka video irudiwe, akauliza mume wake anakaa upande gani, na kama huko ndani kuna hewa. Nilikuwa na raha siku ile. Sijawahi kuwa mwalimu, lakini nilijua wanavyojisikia.

Halafu siku moja mzee wa karakana akaleta gari la deraya. Dogo, la magurudumu manne, la Kifaransa, na mzinga mrefu kuliko linavyostahili. Alilizunguka kwa kamera taratibu. Kamera ilipofika kwenye gurudumu la mbele la kulia, nikaisimamisha video. Nilikuwa nalijua.

Mwaka 1996, tulipokimbia, nilikuwa na miaka kumi na minne. Wale watu wenye bunduki walikuja mchana. Mama alinisukuma kwenye muhogo akanilalia, kifua chake juu ya mgongo wangu, mkono wake ukinikandamiza kichwa kwenye udongo. Dada alikuwa ameshatangulia na wengine. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona aibu kulaliwa na mama, kwa hiyo niligeuza shingo, nikaona katikati ya mashina. Kitu cha chuma kilipita uani kwa jirani yetu, pale alipokuwa ameanika muhogo juu ya mkeka. Gurudumu la mbele liliukamata ule mkeka, ukajiviringisha, ukawa unazunguka nalo, vipande vyeupe vya muhogo vikiruka. Kisha kikavunja ukuta wetu, na watu waliokifuata nyuma wakatia moto.

Miaka yote tulisema kifaru. Kila mtu wa kijiji chetu aliyefika Nakivale alisema kifaru. Mama alipoandikishwa mara ya kwanza alisema kifaru, na ikaandikwa. Na mimi pale dukani, mbele ya afande na wenzake, nikaelewa kwamba kifaru kisingebeba mkeka, kingeusaga. Nilikuwa nimeona magurudumu. Nilikuwa nimeyaona vizuri kabisa, halafu nikakubali kuambiwa nimeona kitu kingine.

Siwezi kueleza furaha ile, na naionea haya. Nyumba yetu iliungua, na mimi nilifurahi kwa sababu sasa nilijua ni nini kilichovunja ukuta. Nilimweleza afande yote. Alisikiliza, akavua kofia, akaivaa tena.

"Pole," alisema. Halafu akanishika bega. "Lakini sikiliza, Mukongo. Ile siku watu ya kusafirisha wanakuita, hii maneno wewe unaacha hapa. Unasema chuma kubwa, basi. Raia hapana jua hii mambo."

"Lakini ni kweli, afande."

"Mimi nasema ni uongo? Mimi nasema unaacha hapa."

Tuliitwa Base Camp miezi michache baadaye. Mama aliingia kwanza, akakaa muda mrefu, akatoka ameshika ukuta. Nikaingia mimi. Chumba kilikuwa kidogo, cha mbao, na feni ya mezani inayogeuza kichwa. Afisa alikuwa mwanamke kijana, mgeni, mwenye adabu, aliyekuwa anaandika kwenye kompyuta bila kuangalia vidole. Pembeni yake alikaa mkalimani, baba mzima wa kwetu. Nilimwambia afisa kwamba simhitaji mkalimani, Kiingereza nakijua. Ukweli ni kwamba niliogopa atakosea maneno. Yule baba hakuondoka, alibaki amekunja mikono.

Mambo yalikwenda vizuri. Majina, kijiji, kanisa, njia tuliyopita. Kisha akasoma kutoka kwenye faili: kifaru kilivunja ukuta wa nyumba. Akauliza kama nakumbuka.

Nilichotakiwa kusema ni ndiyo.

"Samahani, madam," nilisema. "Hakikuwa kifaru."

Aliacha kuandika. Niliona mkalimani akitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi asiyetaka kuonekana akimfukuza. Na mimi nilimwona, nikaendelea. Nikaeleza kuhusu minyororo na magurudumu. Nikaeleza urefu wa mzinga, na kwamba ndani wanakaa watu watatu, dereva mbele, wawili kwenye kile kichwa kinachozunguka. Nikaomba kalamu nikachora. Nikamwambia habari ya mkeka. Nadhani nilizungumza dakika kumi. Nilikuwa mtu mwenye furaha, nasema kweli, kwa sababu katika miaka yote ya kupanga foleni pale Nakivale hakuna aliyewahi kuniuliza kitu ninachokijua.

"Umejifunza wapi mambo haya?" aliuliza.

"Kwenye intaneti. Kuna mzee mmoja ana karakana."

"Umewahi kutumikia jeshi lolote, au kundi lolote lenye silaha?"

"Hapana."

"Mbarara unafanya kazi wapi?"

"Karibu na kambi ya jeshi."

"Una marafiki wanajeshi?"

"Mmoja," nilisema. "Fundi wa vifaru."

Hapo ndipo nilipojisikia mwenyewe. Feni iligeuka upande wangu, ikageuka upande wao. Afisa alikuwa anaandika, na hakuwa na uso mbaya hata kidogo. Aliniuliza kama nina la kuongeza. Nilikuwa nayo mengi na hakuna hata moja lililokuwa na faida.

Nje mama alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba magotini. Nilimweleza tukiwa tunatembea kurudi, nimemshika mkono kwa sababu njia ilikuwa na mashimo. Nilitegemea anigombeze. Alitembea akipapasa mashimo kwa ncha ya mguu.

"Ju ya nini haukusema tu kifaru?"

"Kilikuwa na magurudumu, mama. Niliyaona."

"Ikuwe na magurudumu, isikuwe na magurudumu, nyumba yetu iliungua."

"Wewe mwenyewe ulionaje?"

Alisimama. "Miye? Miye sikuona kitu. Nilikuwa nimefunga macho, nakufunika weye. Nilisikia tu ile kelele. Batu bote balisema kifaru, na miye nikasema kifaru."

Nilishindwa kuendelea kutembea. Ushahidi wote wa mama yangu ulikuwa ni kelele aliyoisikia akiwa amenilalia, na mimi niliyelaliwa ndiye niliyekwenda kuubomoa. Alinivuta mkono, akasema jua ni kali, twende.

Jibu lilichukua karibu mwaka. Lilikuwa karatasi moja yenye visanduku, na kimoja kimetiwa alama. Maneno yake, nikiyatoa kwenye Kiingereza chao, yalisema kwamba maelezo ya wanafamilia hayakubaliani katika jambo la msingi, na kwamba mwombaji wa pili, ndiye mimi, alionyesha ujuzi usioelezeka. Usioelezeka! Nilikuwa nimewaeleza dakika kumi. Tulipewa muda mfupi wa kuomba faili liangaliwe upya.

Nilikwenda kwa afande kumwomba barua, aandike kwamba mimi ni mtu wa fotokopi tu. Alinikalisha kwenye kigoda nje ya nyumba yake, mkewe akaniletea maziwa, nikashindwa kuyanywa.

"Wewe fikiri," alisema. "Barua kutoka kwa mwanajeshi, inasema wewe si mwanajeshi. Wao watasema nini?"

Alikuwa sahihi. Alikaa karibu nami mpaka maziwa yakapoa, akinipiga piga goti, mtu mzima anayeweza kufungua injini nzima kwa mikono yake na asiweze kunifanyia lolote.

Ndipo nikapata wazo, na wakati ule lilionekana la akili sana. Nilimwandikia mzee wa karakana. Nilichora tena lile gari kwa uangalifu, na ukuta, na mkeka kwenye gurudumu, nikapiga picha nikamtumia. Nikamwomba athibitishe mambo mawili: kwamba gari la namna ile lilikuwepo, na kwamba mtu yeyote anaweza kulijua kwa kuangalia video zake. Sikutegemea jibu, lakini alijibu baada ya siku nne, barua ndefu, ya upole mno. Alisema ameguswa. Alisema nimeona vizuri kuliko mashahidi wengi watu wazima, kwamba karibu kila mtu angesema kifaru, na kwamba mkeka ndio ushahidi wenyewe. Aliomba ruhusa ya kuutumia mchoro wangu. Nilimpa.

Niliitoa ile barua kwenye printa ya duka, nakala mbili, nikaipeleka Base Camp nimevaa shati la ibada. Karani wa dirishani aliisoma yote. Akaniangalia, akarudi mwanzo akaisoma tena.

"Kwa hiyo unaandikiana na wataalamu wa vifaru," alisema.

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia kwamba lile si kifaru, ndiyo hoja nzima ya barua. Nikaufunga. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu nilipoacha kumsahihisha mtu, na nilikuwa nimechelewa. Alipiga muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu, akaweka yao kwenye rundo.

Jibu la pili lilikuwa na visanduku vilevile.

Kufikia wakati huo jicho la kulia la mama lilikuwa limeanza kwenda, na kila nilipofika Jumamosi nilikuta amepunguza kitu. Aliacha kuchambua maharagwe. Aliacha kwenda kisimani peke yake. Dada akipiga simu, mama alimwambia mjukuu wake ambaye hawajawahi kuonana, "Imba, imba tu, niko nasikia," na mtoto aliimba nyimbo za nchi ya baridi, maneno tusiyoyajua. Mimi nilishika simu. Ndiyo kazi iliyobaki kwangu, kushika simu.

Wa kumlaumu nimemtafuta nikamkosa. Yule afisa aliandika nilichosema. Karani alisoma nilichopeleka. Mzee wa karakana alinifundisha kuangalia chini, akafundisha maelfu ya wengine, na ninavyojua hakuna mwingine aliyedhurika. Nimewahi kumkasirikia Jumapili moja nzima, nikafuta video zake zote kwenye kompyuta ya dukani. Jumatatu afande alikuja na mkewe, wakakaa kwenye viti vyao wakangoja, nikazipakua tena.

Video yenye mchoro wangu ilitoka mwaka uliofuata. Niliiweka kwenye simu nikaenda nayo Nakivale, bila kujua naipeleka kwa ajili gani. Ilikuwa saa nane mchana, mlango wazi, mama amekaa kwenye mkeka akielekeza uso kwenye mwanga. Mzee wa karakana aliegemea lile gari dogo, akasema ana hadithi kutoka kwa mtazamaji wake wa Uganda. Kisha mchoro wangu ukajaa kioo: ukuta, muhogo, gurudumu.

Mama alisikia ile sauti ya kizungu. Akanyoosha mkono, nikampa simu. Aliisogeza mpaka pua ikagusa, akaigeuza huku na huku, kama alivyokuwa akifanya na picha za wajukuu. Macho yake yalikuwa wazi kabisa.

"Iko nini pale?" aliuliza. "Sioni kitu."

Nilimwangalia, nikaangalia magurudumu manne niliyoyachora mwenyewe, moja baada ya jingine, na mkeka wa jirani.

"Ni kifaru, mama."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akanirudishia simu.

"Si nilibaambia," alisema.